Chama cha Whig cha Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Whig ndiyo nini?

Ni chama cha siasa cha Marekani kilichoishi kama miaka 20 hivi, tangu 1833–34 hadi katikati ya miaka ya 1850. Hutamkwa "wigi", sawa kabisa na zile nywele za bandia, na ukilisema mbele za watu jiandae kueleza. Wakati wake hakikuwa chama kidogo. Kilipokezana madaraka na Democratic, kilitoa marais wanne, na kilijaza Bunge wasemaji ambao hotuba zao watoto wa shule walizikariri kwa vizazi. Kisha, katika muda usiozidi miaka minne, kikatoweka.

Jina lilitoka wapi?

Uingereza. Huko Whig walikuwa ni wale waliotaka mamlaka ya mfalme yabanwe na Bunge. Wamarekani waliopigania uhuru dhidi ya Mfalme George III nao walijiita hivyo. Basi wapinzani wa Rais Andrew Jackson walipolichukua jina hilo, ujumbe ulieleweka bila tafsiri: tuna mfalme Ikulu.

Kuna katuni maarufu ya wakati ule. Jackson amesimama kavaa taji na joho, mkono mmoja fimbo ya kifalme, mwingine hati ya turufu, yaani ya rais kukataa muswada wa Bunge, na chini ya miguu yake Katiba imechanika vipande. Jina la katuni ni "Mfalme Andrew wa Kwanza". Ukiitazama kwa dakika moja, umekwisha kuielewa ilani ya kwanza ya chama.

Jackson aliwafanya nini hasa?

Aliiua benki. Benki ya Marekani, yenye makao Philadelphia chini ya Nicholas Biddle, ilishika fedha za serikali na kuzidhibiti benki ndogo za majimbo. Bunge lilipopitisha kuiongezea muda mwaka 1832, Jackson akapiga turufu. Marais sita waliomtangulia walikuwa wametumia turufu mara 10 wote kwa pamoja. Yeye peke yake alifikisha 12. Mwaka uliofuata akaamuru fedha za serikali ziache kuwekwa huko na zipelekwe benki za majimbo, na waziri wa fedha aliyekataa akamfukuza.

Machi 1834 Seneti, ikiongozwa na Henry Clay wa Kentucky, ikamkemea rasmi kwa kura 26 dhidi ya 20. Upinzani ukawa na sababu, kiongozi na jina.

Waliojiunga walikuwa watu gani?

Hapa ndipo mbegu ya kifo ilipopandwa. Walikuwepo wafuasi wa Clay na wa Daniel Webster wa Massachusetts, waliotaka serikali kuu yenye nguvu. Walikuwepo wapanda pamba wa Kusini, waliomchukia Jackson kwa kutishia kuipelekea jeshi South Carolina jimbo hilo lilipokataa ushuru wa serikali kuu. Hawa walitaka serikali kuu dhaifu. Na walikuwepo watu wa Chama cha Wapinga Freemason, hasa wa New York na Pennsylvania, waliokuwa wakipambana na jumuiya za siri.

Ukiwauliza wote "Jackson aondoke?", jibu lilikuwa moja. Ukiwauliza "akishaondoka?", kila mmoja alitazama upande wake. Mwaka 1836 walishindwa hata kukubaliana mgombea urais, wakasimamisha kadhaa kwa mikoa. Martin Van Buren, mrithi wa Jackson, akawapita wote.

Lakini si walikuwa na sera?

Walikuwa nazo, na zilikuwa nzuri kuliko wanavyokumbukwa. Clay aliuita Mfumo wa Kimarekani: ushuru mkubwa kwa bidhaa za nje ili viwanda vya ndani vikue, benki ya taifa ili pesa iaminike, na fedha za serikali zijenge barabara, mifereji na bandari. Mkulima wa Ohio amlishe mfanyakazi wa kiwanda wa Massachusetts, naye mfanyakazi amvishe mkulima. Leo tungeiita sera ya viwanda.

Democratic walijibu kwamba huo ni ujanja wa matajiri kumkamua mkulima. Hawakukosea kabisa. Ushuru ulipandisha bei ya nguo kwa kila mtu, na walionufaika kwanza ni wenye viwanda.

Kuna lolote hapa linaloigusa pwani ya Afrika Mashariki?

Lipo, tena lilivaliwa mwilini. Ile nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa merikani, ambayo misafara kutoka Bagamoyo iliipeleka bara kwa majora na kununulia pembe za ndovu, ilifumwa Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem waliileta Unguja na kurudi na pembe, karafuu na sandarusi, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, uliopanga ushuru wa asilimia 5.

Vinara wa ufumaji wa Massachusetts, watu kama Nathan Appleton na Abbott Lawrence, walikuwa nguzo za chama cha Whig. Lawrence nusura awe mgombea mwenza wa urais mwaka 1848. Pamba yao ililimwa na watumwa wa Kusini. Kwa hiyo kipande kile cha nguo kilikuwa na historia ya chama kizima ndani yake: jasho la mtumwa wa Kusini, mtambo wa tajiri wa Boston, na katikati yao makubaliano ya kutozungumza. Charles Sumner, naye Whig wa Massachusetts aliyekuwa akikihama chama, aliyaita mwaka 1848 muungano wa mabwana wa kiboko na mabwana wa mtambo wa kufumia.

Na kuna sadfa moja. Aprili 1840 mbunge Charles Ogle wa Whig alimshambulia Rais Van Buren kwa hotuba ndefu ajabu, akiorodhesha anasa za Ikulu hadi vijiko vya dhahabu. Tarehe 30 mwezi huohuo merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ikatia nanga New York chini ya Ahmad bin Na'aman, na zawadi za rais: farasi wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi. Van Buren alieleza kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu kuzipokea, zikaishia mikononi mwa serikali. Katika mwaka ule wa uchaguzi, nadhani hata sheria ingemruhusu angesita.

Kwa nini uchaguzi wa 1840 unatajwa sana?

Kwa sababu ndipo Wamarekani walipojifunza kampeni ya ngoma na makelele, na waalimu walikuwa Whig, chama kilichodaiwa kuwa cha waungwana.

Mgombea alikuwa William Henry Harrison, jenerali mstaafu wa Ohio. Gazeti moja la Democratic la Baltimore lilimkejeli: mpeni pipa la pombe ya matufaha na pensheni ya dola 2,000 kwa mwaka, atakaa kwenye kibanda chake cha magogo hadi mwisho wa maisha. Whig hawakukasirika. Walilidaka tusi wakaligeuza bendera. Vibanda vya magogo vikajengwa viwanjani na kukokotwa mitaani, pombe ya matufaha ikamiminwa bure, nyimbo zikatungwa, na mipira mikubwa kuliko mtu, iliyoandikwa kaulimbiu, ikasukumwa kwa mikono kutoka mji hadi mji. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, walijaa mikutanoni.

Ukweli ni kwamba Harrison alizaliwa katika jumba la familia tajiri ya Virginia, na baba yake alitia saini Azimio la Uhuru. Mtoto wa mwenye baa alikuwa Van Buren. Haikusaidia kitu. Wapiga kura kama asilimia 80 walijitokeza, na Harrison akapata kura 234 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 60.

Kumbe walishinda. Waliutumiaje ushindi?

Siku 31.

Machi 4, 1841, akiwa na miaka 68, Harrison alisoma hotuba ya kuapishwa ya karibu saa mbili katika baridi, ndefu kuliko ya rais yeyote hadi leo. Aprili 4 akafa.

Akaingia makamu wake, John Tyler wa Virginia. Huyu alikuwa Whig kwa sababu moja tu, kumchukia Jackson, na aliwekwa kwenye tiketi ili kuwaridhisha watu wa Kusini. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza anaamini nini kuhusu benki. Whig sasa walishika urais na mabaraza yote mawili, jambo ambalo halikuwatokea tena. Wakapitisha muswada wa benki. Tyler akapiga turufu. Wakaurekebisha, wakapitisha tena. Akapiga turufu tena. Septemba 11, 1841 mawaziri wote wakajiuzulu isipokuwa Webster, aliyekuwa katikati ya mazungumzo na Uingereza kuhusu mpaka. Siku mbili baadaye chama kikamfukuza rais wake.

Chama kilichozaliwa kupinga turufu za mfalme kikaliwa na turufu za mtu wake mwenyewe.

Henry Clay, na ukubwa wake wote, mbona hakuwa rais?

Aligombea mara tatu akaanguka mara tatu: 1824 kabla ya Whig, 1832 dhidi ya Jackson, na 1844. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma.

Suala lilikuwa Texas: iingizwe Marekani au la, na ikiingia, utumwa wake uingie nayo. Mwanzoni Clay alipinga. Kisha akaandika barua za kuwatuliza Wakusini kwamba yeye hana neno, mradi mambo yaende kwa amani na heshima. Wakusini hawakumwamini, na Kaskazini baadhi ya wapinga utumwa wakamkimbia na kukipigia Chama cha Liberty cha James Birney. New York peke yake Birney alipata kura zaidi ya 15,000. James Polk wa Democratic alilichukua jimbo hilo kwa tofauti ya kura 5,000 na ushei, na New York ndiyo iliyoamua urais.

Kwa maoni yangu barua zile ni kioo cha chama chote. Clay alikuwa fundi wa kupatanisha, lakini kuna maneno ambayo ukiyasema kwa pande zote mbili, pande zote mbili zinakusikia.

Msimamo wao kuhusu utumwa ulikuwa upi?

Rasmi, haukuwepo. Ilitegemea umemuuliza nani na wapi. Rais wa zamani John Quincy Adams, aliyerudi bungeni kama mbunge wa kawaida, alipigana miaka minane kufuta kanuni iliyozuia maombi ya wananchi dhidi ya utumwa yasijadiliwe, na akashinda Desemba 1844. Alikuwa Whig. Clay, aliyesema utumwa ni uovu, aliishi maisha yake yote akimiliki watumwa. Naye Whig.

Polk alipoingia vitani na Mexico (1846–48), Whig wa pande zote waliipinga vita, na mbunge mmoja kijana wa Illinois, Abraham Lincoln, alitaka rais aonyeshe mahali hasa ambapo damu ya kwanza ya Wamarekani ilimwagika. Vita vilipoleta ardhi kubwa mpya, swali likawa haliepukiki: huko utumwa utaruhusiwa? Tangu hapo ndani ya chama Massachusetts walijitenga makundi mawili, Whig wa pamba na Whig wa dhamiri.

Taylor na Fillmore je?

Kwa kifupi. Mwaka 1848 walirudia dawa ya 1840: jenerali shujaa asiye na msimamo unaojulikana. Zachary Taylor, mmiliki wa watumwa wa Louisiana, hakuwahi hata kupiga kura maishani. Mkutano mkuu ukampitisha bila kutoa ilani. Akashinda, na Julai 9, 1850 akafa madarakani. Whig walichaguliwa urais mara mbili tu, na wote wawili walifia kazini.

Millard Fillmore aliyemrithi akatia saini Maafikiano ya 1850, pamoja na sheria ya watumwa watoro: raia wa jimbo lisilo na utumwa akawajibika kisheria kusaidia kumkamata mtu aliyekimbia. Webster aliyaunga mkono Maafikiano hayo, na wengi wa Massachusetts hawakumsamehe.

Chama kilikufa lini hasa?

Wengi hutaja 1852. Mwaka huo mkutano mkuu wa Baltimore ulihitaji duru 53 za kura kumpata mgombea, Jenerali Winfield Scott, aliyeambulia majimbo manne tu. Clay alifariki Juni, Webster Oktoba. Inaonekana kama mazishi, lakini vyama hupigwa vibaya na kuinuka. Mimi natia alama juma moja la mwisho wa Mei 1854.

Seneta Stephen Douglas wa Illinois, Democratic, alikuwa na muswada wa kuunda maeneo ya Kansas na Nebraska na kuwaachia walowezi wenyewe waamue kuhusu utumwa, hivyo kufuta mpaka wa kuzuia utumwa usienee uliokuwepo tangu 1820. Bungeni Whig wa Kaskazini waliupinga wote. Wengi wa wenzao wa Kusini wakauunga mkono. Rais Franklin Pierce akautia saini Mei 30. Watu wa chama kimoja walikuwa wamekwisha kuangaliana kama maadui.

Siku hizohizo, Boston, kijana aliyeitwa Anthony Burns alikamatwa jioni ya Mei 24 akitoka kazini kwenye duka la nguo. Alikuwa ametoroka utumwa Virginia. Umati ulijaribu kuvunja mlango wa mahakama kumtoa, mlinzi mmoja akauawa. Juni 2 walimpeleka bandarini akiwa katikati ya wanajeshi wenye bunduki. Maelfu kwa maelfu walijipanga njiani. Madirisha yalitundikwa vitambaa vyeusi, na juu ya barabara likaning'inizwa jeneza. Watu walizomea: aibu!

Miongoni mwa waliotikiswa siku zile ni Amos Adams Lawrence, mpwa wa yule Abbott wa merikani, tajiri wa viwanda, mtu wa kiasi, Whig wa pamba hasa. Aliandika kwamba wao walilala usiku wakiwa Whig wa kizamani wapenda maafikiano, wakaamka wapinga utumwa waliopagawa. Hakuishia kuandika. Alitoa fedha zake kuwapeleka walowezi wasiotaka utumwa Kansas, na mji wa Lawrence, Kansas, una jina lake hadi leo. Ukoo uliotajirika kwa pamba ya watumwa sasa ukalipa ili utumwa usivuke mto. Ikifika hapo, chama kilichojengwa juu ya kunyamaza kinabaki na nini?

Kwa nini hakikugawanyika tu pande mbili, kila upande ukabaki Whig?

Wapo waliojaribu. Tatizo, wapiga kura walikuwa na pa kwenda. Kaskazini, mikutano ya Ripon, Wisconsin, na Jackson, Michigan, mwaka 1854 ilizaa chama kipya, Republican. Pembeni kulikuwa na American Party, waliojulikana kama Wasiojua: jumuiya ya siri iliyowachukia wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland na Ujerumani, na mwanachama akiulizwa chochote alijibu "sijui". Mwaka huohuo Wasiojua walizoa karibu viti vyote vya Bunge la jimbo la Massachusetts, ngome ya Whig. Kwa mfumo wa mshindi kuchukua vyote, chama cha tatu hakiishi muda mrefu, na ghafla Whig ndio wakawa wa tatu.

Mwaka 1856 Fillmore aligombea kwa tiketi ya Wasiojua. Mabaki ya Whig walikutana Baltimore Septemba wakamuunga mkono bila kuweka mtu wao. Akashinda Maryland peke yake.

Kwa hiyo Republican ni Whig waliobadili jina?

Hapana, ingawa kwa baadhi yao hutaona tofauti. Republican walikusanya pia Wademocratic waliochoshwa na watu wa vyama vidogo vya kupinga utumwa, na hawakuwa na mkono wa Kusini. Lakini William Seward na Thaddeus Stevens walitoka Whig, na Lincoln alisema Clay ndiye mwanasiasa wa mfano kwake. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wabunge wa Kusini wakiwa wameondoka, zile sera za Clay zilipita karibu zote: ushuru wa viwanda, reli ya kwenda Pasifiki, benki za kitaifa. Vita hivyo ndivyo pia vilivyokata pamba, merikani ikaadimika Unguja na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake.

Whig wa Kusini waliishia wapi?

Baadhi walikiunga mkono mwaka 1860 chama cha John Bell wa Tennessee, ambacho ilani yake ilikuwa Katiba, Muungano na sheria, basi. Utumwa hawakuutaja, tabia ile ile. Kilichukua majimbo matatu. Wengine waliingia Democratic na baadaye serikali ya waasi, yaani ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na mmoja wao anastahili maelezo.

Februari 2, 1848, Lincoln alimwandikia rafiki yake kwamba amemsikia mbunge mmoja wa Georgia, mdogo, mwembamba, rangi imempauka, akihutubia kupinga vita vya Mexico, na kwamba yeye Lincoln machozi bado yamemjaa machoni. Alikuwa Alexander Stephens, Whig mwenzake. Mwaka huo walifanya kampeni ya Taylor pamoja.

Februari 3, 1865 walikutana tena ndani ya meli River Queen, Hampton Roads, Virginia, Lincoln akiwa rais na Stephens makamu wa rais wa waasi. Stephens aliingia amejifunika koti zito na mashuka ya baridi, akaanza kuyavua moja moja. Lincoln baadaye alimtania kwa Jenerali Grant: hujapata kuona hindi dogo vile likitoka kwenye maganda makubwa vile. Kuhusu amani hawakukubaliana. Wakati wa kuagana Lincoln aliuliza kama kuna lolote awezalo kumfanyia. Stephens akasema ana mpwa, luteni, mfungwa wa vita huko Ohio. Siku chache baadaye kijana aliletwa Washington, akapewa barua ya kumpelekea mjomba wake: huyu hapa, nawe nichagulie afisa wa cheo kama chake aliyefungwa Richmond, yule ambaye afya yake ni mbaya kuliko wote, umrudishe kwangu.